Kutembelea kiwanda cha bia cha wamonaki: mlango upi uko wazi, upi umefungwa

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Moshi. Mwezi wa tisa naenda Brussels kwa mafunzo ya kazi, na nitakuwa na Jumamosi na Jumapili za mapumziko. Nimekulia kwenye nyumba inayopika mbege, ndiyo maana habari za wamonaki wanaopika bia zimenivutia tangu zamani. Rafiki yangu ananiambia niende Westvleteren, eti bia yao ndiyo bora duniani. Wataniruhusu kuingia nione wanavyopika? Nitakuwa na mke wangu, na yeye hanywi pombe. Asije akakaa tu ananitazama. Pia nisaidie: tuvae vipi, na je, naweza kurudi na chupa kwa baba mkwe?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu ambalo hutalifurahia: Westvleteren hawatakuingiza kiwandani. Hakuna ziara pale, kwa mtu wa Moshi wala kwa jirani wa kijiji cha pili. Utafika monasteri ya Mtakatifu Sisto, Sint-Sixtus kwa lugha ya wenyeji, utakuta ukuta, lango lililofungwa na mashamba pande zote. Wamonaki wenyewe huenda usimwone hata mmoja. Ng'ambo ya barabara kuna mgahawa wao uitwao In de Vrede, na hapo ndipo watu wote wanapoishia, wakiwemo wale waliosafiri kutoka Marekani na Japani.

Wengi wakisikia hivyo hudhani wamonaki wanaringa au wanaficha siri ya mapishi. Siri kubwa haipo. Ni maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), sukari na hamira, na hata hiyo hamira wanaifuata kwa wenzao wa monasteri ya Westmalle. Sababu ya mlango kufungwa ni nyingine, na ukiielewa ndiyo utapanga safari yako vizuri.

Hawa ni Watrapisti, tawi la Wasitoo (Cistercians, shirika la watawa Wakatoliki) linaloshika kanuni kwa ukali zaidi. Jina lao limetoka kwenye monasteri ya La Trappe kule Normandie, Ufaransa, ambako abate (mkuu wa monasteri) Armand Jean de Rancé alianzisha mageuzi mwaka 1664. Kanuni wanayoifuata ni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6. Sura ya 48 inasema kwamba mtawa ni mtawa kweli anapoishi kwa kazi ya mikono yake. Sura ya 53 inasema mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Ukisoma sura hizo mbili pamoja utaona hali ilivyo: kazi ni ya kuwalisha wao, wageni ni wa kukaribishwa, lakini hakuna palipoandikwa kwamba mgeni aonyeshwe kazi. Ni kama nyumbani kwetu. Mgeni wa heshima hukaa sebuleni, na mwenye kuingia hadi jikoni ni mtu wa nyumba. Kwa wamonaki sebule ni kanisa na nyumba ya wageni. Kiwanda ni jiko.

Kwa hiyo usipange safari kwa kuuliza "bia ipi ni bora." Uliza "nataka kuona nini," kisha uchague monasteri inayokionyesha kitu hicho. Zinatofautiana sana.

Kabla ya kwenda mbali, nikuondolee mtego mmoja. Siku ya kwanza tu Brussels utakutana na Leffe, Grimbergen na Affligem, chupa zake zimepambwa kwa madirisha ya kanisa na picha za watawa wanene wenye furaha. Hizo huitwa bia za abasia, yaani za monasteri, na kwa sehemu kubwa ni bia za makampuni yaliyopata haki ya kutumia jina la monasteri fulani. Leffe hutengenezwa Leuven na AB InBev, kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani. Haina maana kwamba ni mbaya. Ila ukitaka bia iliyopikwa kwa wamonaki, tafuta alama ya pembe sita iliyoandikwa Authentic Trappist Product. Alama hiyo inasimamiwa na umoja wa kimataifa wa Watrapisti ulioundwa mwaka 1997, na masharti yake ni matatu: bia itengenezwe ndani ya eneo la monasteri, wamonaki wawe ndio wasimamizi, na mapato yatunze jumuiya yao na kusaidia wenye shida. Sharti la wamonaki si la mapambo. Achel, iliyoko mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi, iliipoteza alama hiyo mwaka 2021 kwa sababu wamonaki walikuwa wamekwisha kuondoka, ingawa mitambo na mapishi vilibaki vilevile.

Sasa turudi Westvleteren, maana najua moyo wako uko huko.

Monasteri ilianza mwaka 1831, na bia ikafuata kabla muongo haujaisha. Kwa zaidi ya karne moja ilikuwa bia ya wakulima wa jirani. Mwaka 2005 tovuti moja ya Marekani ya wapenzi wa bia ikaitangaza Westvleteren 12 kuwa bora duniani, na foleni ya magari ikajaa barabara ya kijijini. Kampuni yoyote ingejenga kiwanda cha pili. Wamonaki walikataa kuongeza hata tangi. Msimamo wao, ambao wameurudia mara nyingi, ni kwamba wanapika bia ili waweze kuishi kama wamonaki. Hawakuingia utawa ili wapike bia. Mara moja tu, mwaka 2012, waliuza pakiti maalumu hadi nje ya nchi kwa sababu monasteri ilihitaji kujengwa upya. Walipopata fedha za ujenzi, wakaacha. Mimi hilo hunivutia kuliko bia yenyewe, na nimekunywa nyingi.

Zipo aina tatu, na chupa zake utazitambua kwa rangi ya kizibo. Kijani ni Blond, asilimia 5.8. Buluu ni 8, yenye asilimia 8. Njano ni ile 12 maarufu, yenye asilimia 10.2. Tuzipige hesabu hizo: chupa ya bia ya Safari ya nusu lita ina kilevi cha asilimia 5.5, yaani mililita 27 na ushee za kilevi halisi. Kachupa ka 12, ka mililita 330, kana mililita 33 na ushee. Kwa hiyo kale kachupa kadogo kanaipita Safari yako kubwa, na utamu wake unaficha nguvu. Anza na kijani. Njano iwe ya mwisho, na iwe moja.

Ikiletwa, usikimbilie kunywa. Itakuja kwenye glasi pana yenye mguu, kama kikombe cha misa, na kama imemiminwa vizuri povu litakuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Bia chini yake ni nyeusi ya kahawia, ukiinua kwenye mwanga pembeni unaona wekundu. Harufu ya kwanza ni zabibu kavu na tende, baadaye sukari iliyoungua kidogo. Usishangae kwamba si baridi kama ulivyozoea. Hunywewa kwenye nyuzi 12 hadi 16 hivi, kwa sababu ubaridi mkali unaua harufu yote uliyosafiri kuifuata. Chini ya chupa kuna masimbi ya hamira. Mzoefu humimina kwa mkono mmoja bila kutikisa na huacha kidole kimoja cha mwisho ndani ya chupa. Wengine hukinywa pembeni kwa glasi ndogo. Wewe uliyelelewa na mbege hutaogopa masimbi.

Na hapo ndipo wewe utaona jambo ambalo mtalii wa kawaida haoni. Mbege na bia hii zina asili moja: nafaka iliyooteshwa ikawa kimea, wanga ukageuka sukari, hamira ikala sukari ikatoa kilevi. Mbege hupata sukari ya ziada kutoka kwenye ndizi. Wabelgiji huongeza sukari yenyewe, iliyopikwa hadi ikawa kahawia au isiyopikwa, ili kilevi kiongezeke bila bia kuwa nzito kama uji. Tofauti kubwa ni muda. Mbege ya leo keshokutwa imeshakuwa kali, lakini Westvleteren 12 inakaa miaka. Hopsi zinazuia vijidudu, kilevi kingi kinasaidia, kisha kuna ujanja wa mwisho: wakati wa kujaza chupa hutiwa hamira na sukari kidogo tena, chupa zikafungwa na kuwekwa kwenye chumba chenye joto. Hamira inafanya kazi upya ndani ya chupa, inatengeneza gesi, na inakula hewa iliyobaki ambayo ingeiharibu bia. Bia inachachuka mara ya pili ikiwa imeshafungwa. Mpishi wa mbege akiuliza "mbona hailipuki?", mweleze kwamba sukari hiyo inapimwa kwa gramu.

Kufika huko: chukua treni ya Brussels hadi Poperinge, safari ya kama saa mbili. Kutoka hapo hadi monasteri ni kilomita chache ambazo basi la kawaida halikusaidii sana, kwa hiyo ni teksi au baiskeli. Ardhi ni tambarare kabisa. Mtu wa Kilimanjaro ataendesha kwa mkono mmoja. Mgahawa una siku zake za kufunga na vipindi vya likizo, tazama tovuti yao kabla ya kukata tiketi. Nimewaona watu waliovuka bahari wakisoma tangazo la "tumefunga" mlangoni, na hakuna wa kumlalamikia.

Kwa bahati yako, mwezi wa tisa ni mwezi wa mavuno ya hopsi, na Poperinge ndiyo nchi ya hopsi ya Ubelgiji. Utapita kwenye mashamba yenye miti mirefu iliyosimamishwa kwa nyaya, mimea imepanda hadi juu. Chuma ua moja la hopsi (omba kwanza), lipasue kwa kucha, utaona unga wa njano wenye kunata. Ule unga ndio uchungu wa bia na harufu yake. Mjini kuna jumba la makumbusho ya hopsi, katika jengo la zamani la mizani ambako wakulima walipimisha mavuno yao. Mkeo atalipenda hata asiponusa bia.

Na hapohapo Poperinge kuna njia ya pembeni ambayo wageni wengi hawaijui. Baada ya vita vya pili vya dunia, abate wa Westvleteren aliamua monasteri ipunguze upikaji wa bia, ikawapa leseni watu wa kijiji cha Watou, kilicho jirani, wapike bia ya Mtakatifu Sisto na kuiuza. Kiwanda hicho ni St. Bernardus, na leseni ilidumu tangu 1946 hadi 1992. Leseni ilipokwisha waliendelea kupika kwa jina lao wenyewe, na bia yao ya Abt 12, asilimia 10, ni ndugu wa karibu wa ile 12 unayoitafuta. Si monasteri, ni kampuni binafsi, na hawana alama ya pembe sita. Lakini wana ziara za kiwandani unazoweza kununua tiketi, na juu kuna baa inayotazama mashamba ya hopsi. Kwa hiyo Jumamosi moja unaweza kunywa kwa wamonaki na kuona mitambo kwa waliowapikia miaka 46.

Kama hata hivyo unataka kuingia kwenye kiwanda cha bia kilicho ndani ya monasteri yenyewe, penye wamonaki wanaosali hatua chache kutoka kwenye matangi, basi Jumapili vuka mpaka. Viza yako ya Schengen itakutosha. Nenda Koningshoeven, karibu na mji wa Tilburg, Uholanzi, panapotoka bia ya La Trappe. Mahali hapo, kwa maoni yangu, ndipo panapokufaa kuliko pengine popote, na hupendekezwa mara chache kwa sababu tu si Ubelgiji.

Wamonaki wa kwanza walifika pale mwaka 1881 wakitoka monasteri ya Mont des Cats, Ufaransa, wakihofia siasa za nchini kwao. Walipewa ardhi yenye zizi la kondoo, na zizi hilo ndilo likawa monasteri yao ya mwanzo. Udongo ulikuwa mchanga mtupu, kilimo hakikuwalisha. Nivardus Schweykart, aliyekuwa mkuu wao, alikuwa mtoto wa mpika bia wa Munich, akaona njia. Mwaka 1884 kiwanda kikaanza, na bia ndiyo iliyojenga monasteri unayoiona leo.

Sasa hapa Mswahili asikilize vizuri. Mwaka 1956 monasteri hiyohiyo ilituma wamonaki Kenya, wakaanzisha monasteri ya Bikira Maria huko Lumbwa, yaani Kipkelion, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa. Walikaa nusu karne. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakuta huko, na mwaka 2008 jumuiya ikahamia Uganda, inakoishi hadi leo. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa duka la monasteri kwamba umetoka Afrika Mashariki, usishangae akikuuliza habari za Kenya na Uganda. Hao ni watoto wa nyumba yake. Hata Chimay ina mtoto wake kwetu: monasteri yake ya Scourmont ilianzisha Mokoto, Kivu Kaskazini, mwaka 1954, na wamonaki wa Mokoto walilazimika kukimbia vita vya miaka ya 1990.

Ziara ya Koningshoeven huongozwa na mtu wa kawaida, maana wafanyakazi wengi wa kiwanda ni walei, yaani si watawa. Nakwambia mapema ili usije ukavunjika moyo ukitafuta bruda mwenye kanzu nyeupe na skapulari nyeusi akikoroga pipa kwa mwiko. Wamonaki ni wachache na wengine ni wazee. Wanasimamia, wanaamua, wanafanya kazi nyepesi kwenye mikate, jibini, chokoleti na asali. Tangu 1999 biashara ya bia inaendeshwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bavaria, ambayo siku hizi inajulikana kama Swinkels. Mwaka huohuo wakanyang'anywa alama ya pembe sita, hoja ikiwa kwamba wamonaki wamekabidhi mno; wakarudishiwa 2005 baada ya kuweka sawa usimamizi. Wapo wanywaji wakali ambao hadi leo wanaikunjia pua La Trappe kwa sababu hiyo. Mimi simo. Kiwanda kiko ndani ya monasteri, na sehemu ya kazi zake wanapewa watu ambao soko la ajira limewaacha nje kwa ulemavu au shida nyingine.

Kitu kimoja usikipite: nyumba ya vioo iliyojaa mimea, iliyofunguliwa mwaka 2018. Kupika bia kunatumia maji mengi kuliko bia inayotoka, na maji machafu ya kiwanda hupitishwa kwenye mizizi ya mimea ile, vijidudu vikayasafisha. Teknolojia yake imeunganishwa na utafiti wa shirika la anga la Ulaya, wanaotafuta namna ya kuwasafishia maji wanaanga. Uulizie kama unaweza kuiona. Kwa mtu anayetoka mji ambao viwanda na mifereji ya wakulima vinagombania maji, hiyo pekee inalipa nauli.

Baada ya ziara utakaa kwenye ukumbi wa kuonjea, na hapo mkeo hatakutazama tu. Wana bia yao isiyo na kilevi, La Trappe Nillis, na chakula kizuri. Wewe ujaribu Quadrupel, asilimia 10, waliyoianza mwaka 1991. Jina hilo sasa linatumiwa na wapika bia wa dunia nzima. Ziara lazima zilipiwe mapema mtandaoni, na angalia lugha, kwa kuwa nyingi ni za Kiholanzi. Kutoka Brussels utapanda treni hadi Breda, kisha Tilburg, halafu basi au baiskeli.

Hizo nyingine nizipitie haraka. Westmalle, karibu na Antwerp, haina ziara, ila mgahawa wa mbele yake ni mchangamfu, na wenyeji huchanganya bia zake mbili, Dubbel na Tripel, kwenye glasi moja wakaiita Trip-Trap. Rochefort utaishia kanisani. Chimay wana nyumba ya maonyesho karibu na monasteri, na bustani na makaburi ya Scourmont yako wazi. Nenda kama una gari. Orval, kusini kabisa karibu na Ufaransa, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Kuna magofu ya monasteri ya zamani iliyochomwa na jeshi la mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1793, na chemchemi ambayo hadithi yasema samaki alimrudishia bibi Mathilde pete yake ya ndoa iliyozama. Ndiyo maana kila chupa ina samaki mwenye pete. Magofu yanatembelewa kwa tiketi ya kawaida. Kiwanda hufunguliwa kwa siku chache tu za mwezi wa tisa kwa waliojiandikisha. Ukipata nafasi na tarehe zikaangukia kwenye mapumziko yako, futa kila nilichokwambia juu ya Tilburg uende Orval. Usipopata, ni mbali mno kwa siku moja bila gari.

Mavazi: hakuna sheria ngumu. Vaeni kama mnaokwenda kanisani siku ya kawaida, mabega na magoti yamefunikwa, na koti la mvua juu, kwa sababu mwezi wa tisa kule mvua haitoi taarifa. Sehemu wanamoishi wamonaki haingii mgeni yeyote wa matembezi, awe mume au mke, kwa hiyo mkeo hatabaguliwa. Kanisani mnaingia wote. Ningewashauri mpange siku ili muikute sala mojawapo, Masifu ya Jioni ikiwezekana. Haichukui muda mrefu. Wanaingia kimya, wanainama, wanaimba zaburi kwa kupokezana upande kwa upande, wanatoka. Simu zimeni kabisa, wala msipige picha za wamonaki. Hata nje, omba kwanza.

Chupa za baba mkwe. Kreti ya Westvleteren ya chupa 24 huuzwa kwa kuagiza mtandaoni kwa zamu na kuichukua getini siku uliyopangiwa, kwa ajili ya matumizi yako, si ya kuuza tena. Kwa mgeni wa siku chache haiwezekani kirahisi. Uliza kwenye duka la In de Vrede, mara nyingi wana pakiti ndogo. Ukiziona madukani Brussels kwa bei ya kutisha, ujue zimefika hapo kinyume cha matakwa ya wamonaki, na fedha hizo haziendi kwao. Afadhali umnunulie Rochefort 10 au La Trappe Quadrupel, zinazouzwa madukani kihalali na kwa bei ya kawaida. Zote ziende kwenye begi la kupakia chini ya ndege, kila chupa ndani ya soksi na katikati ya nguo, na uulize mapema kiwango ambacho forodha ya nyumbani inaruhusu. Zikifika, zisimamishwe wima wiki mbili masimbi yatulie, na zisiingie kwenye friza.

Usikodi gari ukidhani utapita monasteri mbili na kuonja kote. Nchi zote mbili kiwango cha dereva ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita moja ya damu, na chupa moja ya 12 inaweza kukufikisha karibu na hapo. Baiskeli nayo ina sheria; polisi wanaweza kukupima ukiwa juu yake. Kwa Watou na Westvleteren siku moja, fanya ziara ya St. Bernardus asubuhi, onja kidogo, kula, halafu In de Vrede alasiri, na teksi ya kurudi stesheni iwe umeshaizungumza kabla hujaagiza ile ya kizibo cha njano, kwa sababu kule mashambani hakuna teksi ya kupungia mkono barabarani.

Anza kutafuta tarehe za Orval leo. Ukikosa, lipia Koningshoeven. Hoteli na treni vifuate baada ya hapo.